Maua ya Santuri ya Zelma

Zelma alikuwa jirani yangu hapa Kuldīga, mpishi wa shule, mwenye mdomo usio na breki. Kwaya zote zilimbembeleza aimbe, yeye akifyonya tu. Latvia hii, mtu asiyeimba hutazamwa kama mtu asiyeoga.

Siku ya jina lake, ile ambayo kalenda yetu huwapa wote wenye jina hilo na wageni huja bila kualikwa, nilimpelekea maua matano ya dalia. Maua ya idadi shufwa, mawili au manne, ni ya marehemu, hilo kila mtoto analijua. Kwapani nilikuwa na santuri niliyoiokota sokoni kwenye rundo la vyuma chakavu: nyimbo zetu za zamani, piano na sauti moja. Jina la mwimbaji lilikuwa la Zelma. Nikajiona mjanja.

"Shangazi, kumbe ulikuwa unatuficha!"

"Umeitoa wapi hiyo? Si Warusi walizivunja zote?"

Nikajifanya sisikii, nikaiweka kwenye gramafoni yake. Ikatoka sauti ya msichana, safi mpaka nikaona aibu kupumua. Zelma alisikiliza amesimama wima. Kwa sababu ya kaka yake aliyepigana na Warusi msituni, walimpeleka Zelma mwenyewe Siberia kukata magogo kwenye barafu. Alirudi na sauti hii ya kukwaruza tuliyoizoea.

Santuri ilipokwisha, nikauliza, "Unalia, Shangazi?"

"Nilie nini? Ila maua umekosea hesabu, mwanangu."

Akachomoa ua moja, akanirudishia. Manne yaliyobaki akayalaza juu ya santuri.