Misumari Michache

Tingatinga lilipobomoa nyumba yetu ya bondeni, tuliambulia mlango mmoja. Mabati yote yalisagika pamoja na kuta.

Sasa tumejenga Chanika. Kiwanja kimepimwa na hati tunayo, lakini siku ya kuezeka nilimsimamia fundi mwenyewe: apige misumari michache, tena isizame sana, ili siku ya siku tuyaezue mabati haraka. Fundi alicheka. Acheke, yeye hajaona paa lake likigeuzwa kifusi. Mie kumweleza nilichoka. Upepo ukivuma mabati yanagonga, na mume wangu huyasikiliza tu.

Juzi binti yetu alipanda mche wa mnazi uani. Nilimtazama akishindilia udongo kwa miguu, nikamuuliza, "Na huo tutauhamishaje?"