Kiti cha Msafiri

"Krismasi hii mimi nitakula mezani kwa Mjerumani. Nitakuwa nimekaa kwa kiti, si kusimama. Na Frau mwenyewe ndio atanipitishia viazi."

Wamae aliyasema hayo katika mji mdogo wa Chaka, karibu na Nyeri, siku ya soko, Novemba ya mwaka wa 1974, amesimama kwenye kizingiti cha hoteli ya Kahiga na gunia dogo la wimbi miguuni. Hakunong'ona. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na bata bukini, na siku hiyo hata waliokuwa upande wa mbuzi walimsikia.

Kahiga alikuwa akipangusa meza kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko meza. "Viazi gani?" aliuliza. "Vya kuchemsha?"

"Vya kusagwa, vikafinyangwa kama ngumi. Hivyo wewe huwezi kuvijua."

"Na utakula na nini, mwiko?"

"Uma na kisu. Nimeviosha tangu Uhuru haujakuja, unafikiri sijui kuvishika?"

Wateja walicheka hadi chai ikawapalia. Kahiga akasema, "Haya, mzee. Ukirudi utatuambia viazi vilipitishwa kutoka upande gani."

Wamae alikuwa mpishi wa Frau Pohl, mjane wa Kijerumani aliyekaa juu ya Kiganjo, nyuma ya ua wa misaiprasi. Mumewe alikuja kutengeneza mashine za maziwa kwenye mashamba ya Waingereza. Waingereza wakauza mashamba wakaenda zao, fundi akafa, mjane akabaki na nyumba, bata bukini na Wamae. Hakutaka kuitwa memsaab. Alisema hilo ni jina la wake wa Waingereza, yeye aitwe Frau, yaani Bibi kwa Kijerumani. Kwa hiyo Wamae aliagizwa kuni, maji na sufuria na mtu asiyekuwa memsaab, na kuni hazikupungua uzito hata kidogo.

Kwao Frau kulikuwa Silesia, nchi ambayo baada ya vita Wajerumani waliamriwa kuihama, kila mtu na kile alichoweza kusukuma kwa mkokoteni. Hadithi hiyo aliisimulia kila Desemba akikanda unga, na machozi yakimtoka. Wamae aliielewa kuliko Frau alivyodhani. Yeye naye alihamishwa kwao wakati wa Hali ya Hatari, kwa mtutu wa bunduki ya Mwingereza, akapangwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Ila yeye hakuulizwa, kwa hiyo aliendelea kumenya vitunguu.

Mwaka wa nyumba ile haukufuata mvua. Kabichi zilikatwakatwa zikashindiliwa na chumvi kwenye pipa, zikaachwa zichachuke mpaka jikoni kukanuka kama soksi za kuruti wa chuo cha polisi. Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, bata bukini wa kwanza alichinjwa. Jumapili nne za Majilio, zile za kungoja Krismasi, ziliwashiwa mishumaa minne juu ya duara la matawi ya saiprasi. Kisha ikaja Krismasi, nayo haikuwa tarehe ishirini na tano kama ya Wakristo wengine wa Nyeri. Frau alikula Krismasi yake jioni ya ishirini na nne, kama mtu anayeogopa itakwisha kabla hajafika.

Ndiyo maana watoto wa Wamae walikua wakijua kwamba Krismasi ni siku ambayo baba hayupo. Alikuwa akiondoka nyumbani Chaka mapema, akarudi tarehe ishirini na sita na chupa ya mafuta ya bata. Mkewe, Watiri, aliipokea chupa bila neno. Mara moja tu alisema, "Wengine wanaletewa nyama. Sisi tunaletewa jasho ya bata."

Na bado Wamae aliipenda kazi ile, hasa kwa sababu ya wimbi.

Kwao Frau, Krismasi haikutimia bila chakula kitamu cha mkate uliolowekwa maziwa na asali, na katikati yake zabibu kavu na mbegu nyeusi, ndogondogo, zilizosagwa. Mbegu hizo hazikuwepo Nyeri, na zilizotumwa kwa posta zilifika na funza wao. Miaka ya kwanza Frau alikula mkate na maziwa matupu. Kisha Wamae akakaanga wimbi kavu mpaka likakaribia kuungua, akalisaga, akalichemsha na maziwa, akalipanga kati ya vipande vya mkate. Frau alionja kijiko kimoja, akaketi chini pale pale jikoni kwenye kigoda cha Wamae, akalia. Alisema ni mkono wa mama yake.

"Kwa hivyo huyo mzungu analilia uji," Watiri alisema alipohadithiwa.

"Si uji."

"Wimbi, maziwa na asali. Baba Wacera, hiyo ni uji. Hata hapa iko kwa sufuria, na hakuna mtu amelia."

Lakini kilichomkaa Wamae rohoni zaidi ya wimbi kilikuwa kiti.

Kila jioni ya Krismasi Frau alimwagiza apange sahani moja ya ziada, na uma, na kisu, na glasi, mbele ya kiti kisicho na mtu. Ndiyo desturi ya kwao. Huenda msafiri akapotea njia kwenye baridi, akaona mwanga, akabisha. Akibisha, asiulizwe jina. "Mtu yoyote," Frau alimwambia kwa Kiswahili chake cha shambani. "Maskini, mwizi. Hata adui."

Miaka yote Wamae alipanga sahani hiyo, akaipakulia kiazi kimoja kwa heshima ya msafiri, na baadaye akaiosha. Kiti kile kilikuwa kimewambwa kitambaa cha kijani. Vile vingine vitano vilikuwa vimechakaa kwa makalio ya wageni wa zamani. Kile kilikuwa kipya kama siku kilipoletwa.

Msafiri aliwahi kuja mara moja, mwaka wa 1971. Kijana wa Kijerumani, miguu mitupu ndani ya viatu vilivyofunguka midomo, ametoka mlimani, ananuka kama gunia la mvua. Frau hakumjua. Kijana alisimama mlangoni akasema, "Guten Abend," jioni njema, basi. Akaketishwa kwenye kitambaa cha kijani, akala mapaja yote mawili ya bata ambaye Wamae alimnyonyoa mpaka vidole vikavimba. Akaondoka asubuhi bila kuaga.

Hapo ndipo Wamae alipoona kwamba kiti kile si cha malaika. Ni cha mtu yeyote anayeingia kwa mlango wa mbele.

Wazo lilimchukua miaka mitatu kuiva. Mwaka ule wa 1974 Frau alikuwa peke yake kabisa. Marafiki zake wa mwisho walikuwa wamehama. Wamae akaona meza ile ndefu, mwanamke mmoja upande huu, sahani ya msafiri upande ule, na katikati mishumaa inayeyuka bure. Akaenda Nyeri kwa Othmani, fundi cherehani, akashonewa koti la kijivu. Othmani alimpima mabega akauliza kama ni harusi. Wamae alisema ni zaidi.

Tatizo likawa Wacera, binti yake mkubwa, aliyekuwa akisomea uuguzi na ambaye mwaka huo alipewa likizo ya Krismasi kwa mara ya kwanza.

"Baba, kaa na sisi," alisema. "Nimenunua mchele. Nitapika mimi."

"Mwaka ujao."

"Umesema mwaka ujao tangu nikiwa na meno ya maziwa."

"Mwaka huu ni tofauti. Mwaka huu mimi ndio mgeni."

Wacera alimtazama mama yake. Watiri aliendelea kuchambua maharagwe ya njahi. "Mwache aende," alisema. "Ako na kiti huko."

Jioni ya ishirini na nne kila kitu kilikwenda sawa, jambo ambalo lingepaswa kumtia Wamae wasiwasi. Bata alikauka rangi ya dhahabu. Kabichi nyekundu iliiva na matufaha. Viazi vilifinyangwa, wimbi likapoa kwenye bakuli lake. Mti wa saiprasi ulisimama sebuleni na mishumaa halisi, na ndoo ya maji nyuma yake, kwa sababu desturi hiyo ya Ujerumani haikujua paa la mbao kavu za Kiganjo. Wamae alipanga sahani mbili. Kisha akavua aproni, akaosha uso, akavaa koti la Othmani, akatoka kwa mlango wa jikoni. Aliizunguka nyumba, bata waliosalia wakimzomea, mpaka mbele, kwenye ngazi alizozipiga deki miaka yote na ambazo hakuwahi kuzipanda akiwa na viatu.

Akabisha.

Frau alifungua. Alikuwa amevaa gauni jeusi na pini ya pambo kifuani. Uso wake ulijaa furaha, na Wamae aliuona ukijaa. Halafu macho yakapita juu ya bega lake, yakatafuta gizani.

"Guten Abend, Frau," Wamae alisema.

"Nani nakuja, Wamae?"

"Ni mimi."

"Mlango ya jikoni nafungwa?"

"Hapana. Iko wazi."

Frau akangoja. Wamae naye alikuwa akingoja kuambiwa karibu, na wote wawili wakasimama hivyo, baridi ya mlima ikiingia ndani na kuinamisha mishumaa.

"Mimi ndio msafiri leo," akasema hatimaye. "Nimekuja kwa ile kiti."

Hakukasirika, Frau. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alimshika mkono wa koti, akaupapasa kama mtu anayemtuliza ng'ombe, akatabasamu kwa upole wote wa Majilio.

"Wamae," alisema, "ile kiti ya mgeni. Wewe hapana mgeni. Wewe mtu ya nyumba."

Wamae alihesabu. Adui alikuwa na kiti. Mwizi alikuwa na kiti. Kijana mwenye viatu vya kunuka alikuwa na kiti na mapaja mawili. Mtu wa nyumba hakuwa na kiti kwa sababu alikuwa mtu wa nyumba.

"Na mtu wa nyumba anakaa wapi, Frau?"

Frau alinusa hewa. "Bata naungua," akasema, akafunga mlango taratibu, kwa sababu ya mishumaa.

Bata alikuwa haungui. Wamae alirudi kwa njia ile ile, akavaa aproni juu ya koti jipya, akapakua. Alimpitishia Frau viazi, kutoka upande wa kushoto kama alivyofundishwa. Akaweka kiazi kimoja kwenye sahani ya msafiri. Frau alipoanza kuimba nyimbo zake peke yake, Wamae aliviacha vyombo bila kuoshwa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akashika barabara ya Chaka kwa miguu.

Njiani alijiambia kwamba yote haya hayakuwa na maana. Nyumbani kulikuwa na mchele, Wacera alikuwa amepika. Alianza kutembea haraka. Alipofungua mlango aliwakuta wote wamezunguka moto, sufuria imekwanguliwa, sahani zimeshaoshwa na kufunikwa chini ya kikapu.

"Baba?" Wacera alisema.

Watiri alilitazama koti, akaitazama aproni iliyokuwa bado shingoni mwake.

"Hatukukuwekea," alisema. Hakusema kwa ubaya. "Huwa hukuji."

Wacera aliinuka ampishe kigoda, lakini Wamae alikuwa ameshachukua kipande cha muhogo baridi kwenye ungo. Alikula akiwa amesimama.

Siku ya soko Kahiga alimuuliza mbele ya watu, viazi vilitoka upande gani.

"Kushoto," Wamae alisema, na hakudanganya. Watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo wakamwita Mjerumani, naye akaitika. Watiri hakumwambia mtu, ila aproni ile aliikata akaifanya kitambaa cha kushikia sufuria, akakitundika pale ambapo Wamae angekiona kila asubuhi.

Alirudi kazini tarehe ishirini na sita. Vyombo vilikuwa vinamngoja kwenye sinki, mafuta yameganda. Akaviosha. Desemba iliyofuata Frau alisema, "Wamae, weka sahani ya msafiri," naye akaiweka. Ikawa hivyo mpaka 1979, Frau alipozeeka akachukuliwa na jamaa wa mbali kwenda Ujerumani, sehemu ambayo alisema si kwao. Alimwachia Wamae pipa la kabichi.

Vitu vya nyumba vilipigwa mnada. Kahiga alinunua viti vyote sita kwa ajili ya hoteli, akavipanga kando ya dirisha. Wamae alipopita, Kahiga alimwita kwa sauti.

"Mjerumani! Njoo utuonyeshe. Yako ilikuwa gani hapa?"

Hakuhitaji kutafuta. Kitambaa cha kijani kilikuwa bado kipya. Wamae alishika mgongo wa kiti, akakivuta, wateja wote wakigeuka kutazama, akaanza kuinama.

"Lakini, mzee," Kahiga alisema, "hapa hakuna kukaa bure."

Chai ilikuwa senti sitini.