Aliyesimama Nyuma ya Teodora

Teodora hakuzaliwa kipofu. Macho yalimwisha polepole alipofika miaka thelathini, na tangu hapo mpaka anastaafu alifunga brashi katika kiwanda cha ushirika wa vipofu hapa mjini Przemyśl, Poland. Viganja vyake vina sugu za waya hadi leo. Mimi ni jirani yake, mlango unatazama mlango, na kila Jumapili tukitoka Misa humpelekea bakuli la żurek, supu yetu ya uchachu.

Marehemu mumewe, Kajetan, alimwachia mji. Si mji wa mawe, ni mchezo wa mtandaoni wa maandishi matupu, ambamo watu wengi hukutana kila mmoja akiwa kwake. Unaandika "kaskazini", mji unakujibu: hapa pana daraja, hapa pananukia mkate. Maneno yote aliyatunga Kajetan. Kompyuta humsomea Teodora kwa sauti, naye hukata vichochoro vya mle bila kupapasa.

"Humu, jirani," huniambia, "kipofu ni wewe."

Lakini wachezaji walipungua, kutoka mia mbili wakabaki kumi na mmoja. Ndipo Remigiusz, mdogo wake Kajetan, anayeutunza mchezo, akaamua kuutia picha. Picha zikishakaa, maneno yataondolewa.

"Shemeji, ukiyaondoa mimi nitabaki na nini?" Teodora akamuuliza.

"Utabaki na supu ya jirani."

"Mjinga wewe. Ile ni sauti ya kaka yako."

Remigiusz akainamisha kichwa. Akasema basi, tuzijaribu kwanza picha, halafu tutaamua.

Jumapili hiyo tukakaa watatu mbele ya kioo cha kompyuta, mimi nikiwa macho ya Teodora. Daraja lilipendeza. Soko nalo lilipendeza, hata mikate ilionekana. Tukaingia kichochoro cha mnara wa kengele, kompyuta ikasoma: "Unahisi mtu anapumua nyuma yako. Ukigeuka, hayupo."

Nywele zikanisimama.

"Dada, kuna mwanamume nyuma yako. Yaani nyuma ya kile kisanamu kinachosimama badala yako mchezoni. Ana koti refu. Uso hana."

Remigiusz akajikuna kisogo. Hakuwa amechora kwa mkono. Alitengeneza programu ya kusoma kila sentensi na kuchora kilichotajwa. "Haielewi kuhisi, hii," akasema. "Ukiitajia mtu, inachora mtu."

Teodora akaandika "geuka". Hayupo, ikasema kompyuta. Lakini alikuwepo. Tukatoka kichochoroni, akatufuata mpaka sokoni, ambako hakuna neno hata moja linalomtaja.

"Nimekosea, nimemfunga kwa mchezaji badala ya kumfunga mahali," Remigiusz akasema huku akicheka, ila kipanya kilikuwa kimelowa jasho la mkono wake. Akaingia kwa jina lake mwenyewe, akapita kichochoro kilekile mara tatu. Yeye hakufuatwa.

Hapo kicheko kikamkauka. "Ili nimfute huyu lazima nifute sentensi inayomzaa. Tufute maneno yote leo, shemeji, yaishe."

Teodora akalaza kiganja juu ya vibonyezo. "Hufuti hata nukta. Maneno yabaki, na yeye abaki."

"Hujamwona."

"Sijamwona mtu yeyote miaka thelathini na mitano. Wanaopumua nimewazoea."

Nikapiga ishara ya msalaba. Remigiusz akauondoa mkono wa shemeji yake taratibu, akaandika alichoandika, na maneno ya kaka yake yakapangwa chini ya picha, yote, bila kupunguzwa. Sasa wachezaji wamefika arobaini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika kuhusu mtu wa koti refu. Anamfuata Teodora peke yake.

Naye Teodora anakula supu yangu kwa furaha, anatembea mjini mwake, anasikiliza. Jumapili iliyopita, mimi nikimtazamia kioo cha kompyuta, akasimamisha kijiko.

"Jirani, amesogea?"

"Hapana, dada. Yuko palepale."

"Naona anapumua kwa karibu."

"Ni bomba la kupashia chumba joto hilo. Kula, supu inapoa."

Jumamosi nikaenda kuungama. Nikasema nimemdanganya kipofu, mjane mwenzangu, anayeniamini. Padri akauliza nilimdanganya nini. Nikamwambia mkono wa yule mtu ulikuwa umeshafika begani kwa Teodora.