Mtumbwi wa Kupuliza Niliomchagulia Mama Deo

Mimi ni mtu wa mpunga. Nimezaliwa Bwegera, nimeoa Bwegera, na maji ninayoyajua ni yale yanayofika magotini. Mke wangu, Mama Deo, ni mtu wa ziwa. Alizaliwa Uvira, ufukoni kabisa, akaogelea kabla hajajua kusoma. Mwaka jana ugonjwa wa kupooza ulimshika upande wa kushoto. Akapona kidogo kidogo: mguu anauburuza, mkono unashika kitu lakini hauna nguvu. Tangu hapo kila asubuhi aliniambia ameota yuko juu ya maji, amelala chali, hakuna kinachomuuma. Mwanzoni nilicheka. Kisha akaanza kusema kwamba afadhali ahamie Rugenge, mtaa wa kule Uvira, kwa dada yake Feliziana, awe karibu na ziwa. "Nitakuwa nakuja kukusalimia," aliniambia. Kunisalimia! Miaka ishirini na sita ya ndoa, halafu mimi niwe mtu wa kusalimiwa? Niliumia, na sikuficha.

Basi siku moja nikiwa Uvira kwa shughuli za ushirika wetu, nikamwona mama mmoja mnene amekaa juu ya ubao mpana wa kupuliza, peke yake majini, anapiga kasia taratibu. Alipomaliza alitoka, akaufungua ule ubao ukatoa upepo wote, akaukunja, akauweka kwenye mfuko mgongoni, akapanda moto, pikipiki ya abiria, akaenda zake. Nilibaki nimesimama pale mdomo wazi. Mtumbwi wa mbao Mama Deo hawezi kuupanda, kuta zake ni ndefu na unayumba. Lakini kama kuna mtumbwi unaoingia mfukoni, basi tunaweza kukaa nao nyumbani Bwegera, tukashuka ziwani mara moja kwa mwezi, tukarudi pamoja. Kuhamia Rugenge kungekufa hapo hapo. Nikauza mpunga wa msimu mzima. Majirani walinicheka kwa sauti: "Papa Deo anaenda kununua upepo!" Niliwaacha wacheke.

Tuliondoka Bwegera alfajiri, siku ya Alhamisi. Nilimlipia Mama Deo kiti cha mbele ili anyooshe mguu, mimi nikakaa nyuma, na gunia la mchele mpya likafungwa juu ya gari, zawadi ya shemeji Feliziana kwa kutupokea. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba. Watu waliokuwa wakienda kwenye mifereji walionekana kuanzia kiunoni tu, kana kwamba wanatembea bila miguu. Tulipita Luberizi, tukapita Sange, watu wananunua ndizi dirishani, na Mama Deo hakununua kitu. Alikuwa anaangalia mbele tu.

Baada ya Kiliba ziwa likatokea. Mimi nimeliona mara nyingi, lakini siku ile niliangalia mgongo wa mke wangu badala ya maji. Alinyooka. Mkono wake wa kushoto, ule mgonjwa, ulipanda peke yake ukashika ukingo wa dirisha. Dereva alimuuliza kama anataka kushuka. "Hapana," alisema kwa Kiswahili cha Uvira, ambako mimi ni minye, "endesha tu, minye nilikuwa nakumbuka harufu." Kutoka pale mpaka Kavimvira maji yalitufuata upande wa kushoto, meupe, yametulia kabisa, milima ya Burundi ikiwa imening'inia juu yake bila miguu. Nilihisi usingizi mtamu, ule wa mtoto anayebebwa.

Kufika Rugenge ilikuwa saa tatu. Feliziana alitupokea kwa kelele zote za Uvira, akamkumbatia dada yake wakalia pamoja, wakacheka pamoja, na mimi nikateremsha gunia. Mama Deo alitaka twende wote sokoni kuchagua. Nikamwambia apumzike, mambo ya kununua aniachie mimi.

"Weye unajua nini ya mashua?" akaniuliza.

"Nimenunua na kuuza mchele miaka thelathini. Hakuna mfanyabiashara anayenidanganya."

Feliziana aliguna.

Sokoni nilielekezwa kwa Mama Sifa, mwanamke mrefu mwenye kilemba cha kijani, ambaye anauza vitu vya okazio, vilivyokwisha kutumika, vinavyopitia Bujumbura: magodoro, viti vya watoto, baiskeli, na vyombo vya majini vya kupuliza. Alikuwa na viwili vya bei niliyoweza. Cha kwanza kilikuwa kayaki ya bluu na njano, mtumbwi mdogo wenye viti viwili na kuta nono pembeni, nzuri kwa macho, na nyepesi hata niliiinua kwa mkono mmoja. Cha pili kilikuwa ubao wa kijivu, mnene kiganja kizima ukishajazwa, umepauka, una kiraka karibu na mdomo wa kuingizia upepo. Nikajaribu kuuinua ukiwa kwenye mfuko wake. Mawe! Ulikuwa mzito kama mtoto anayekataa kubebwa.

"Chukua huu, papa," Mama Sifa akasema. "Ndani mwake kuko nyuzi mingi sana, zinashika juu na chini. Ukiupiga pompi unakuwa mugumu sawa meza. Na ni mupana, haupinduke bure."

"Na hiki kiraka?"

"Kiraka ilipigwa na fundi wa kweli. Angalia." Akautoa mfukoni, akautia upepo kidogo, akapaka povu la sabuni pale, na hakuna hata kiputo kimoja cha upepo kilichotoka.

Sasa nieleze mnielewe, maana hili tunalijua sisi wa Bwegera. Kwetu mtu akikuletea mchele mzito kuliko ukubwa wake, unajua ameunyunyizia maji usiku. Unaingiza mkono mpaka chini, unausikia ubaridi, unaondoka. Mkono wangu umefundishwa hivyo tangu utoto: kizito kina udanganyifu ndani. Nilipoushika ule ubao wa kijivu, mkono ulikataa wenyewe. Nikamwambia Mama Sifa nataka ile nyepesi.

"Papa, ile ni ya kuchezea. Na kitu ya upepo hatuinunuaka mbio mbio. Tunaipiga pompi, tunaiacha inalala, kesho unakuja kulipa kama umeipenda."

Nikaona ananichelewesha ili bei ipande kesho. Nikalipa pale pale, zote, nikaondoka nimebeba kayaki yangu begani, najisikia mwanamume.

Jioni tuliijaza upepo sebuleni kwa Feliziana. Ilichukua nafasi yote, ikabidi viti vitoke nje. Mama Deo alikaa kwenye mkeka, akapapasa ile rangi ya bluu kwa vidole vya mkono mzima, kisha akaweka vya mkono mgonjwa juu yake, akafumba macho. Nikawaza, kazi imekwisha. Asubuhi tuliikuta bado imejaa, na mimi nikapiga makofi.

Saa kumi na mbili na nusu siku ya Ijumaa tulikuwa ufukoni. Feliziana anajua mahali, kupita pale akina mama wanapofulia, mbali na mdomo wa mto Ruzizi wenye viboko. Upepo wa ziwani huanza mchana. Asubuhi maji hayana hata mkunjo. Jua lilikuwa linachungulia juu ya Burundi na maji yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Tulimshika Mama Deo huku na huku, tukamfikisha kwenye kayaki. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Kuta zile nono, nilizozipenda, mguu wake haukuweza kuzipita. Tukauinua mguu kwa mikono. Akakaa. Na alipokaa, kayaki ikakunjika katikati, ncha mbili zikapanda juu, maji yakaingia, na mke wangu akateleza kwa nyuma akazama mpaka kichwani.

Maji yalikuwa ya kiuno tu. Feliziana alimtoa mara moja. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale nimeishika kayaki badala yake, namwangalia mke wangu anatema maji. Akapangusa uso. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Umenichagulia, Papa Deo," akasema polepole. "Haukuniuliza."

Akaomba arudishwe nyumbani. Njiani akamwambia dada yake amtafutie kitanda. Nilisikia neno hilo, kitanda: kuhamia Rugenge.

Nilirudi sokoni mbio na kayaki imelowa begani. Mama Sifa aliponiona alianza kucheka kabla sijafika. Pesa hakurudisha, na ni haki yake. Nikamwambia ukweli wote: mke wangu, ndoto zake, Rugenge, na jinsi mkono wangu ulivyoogopa uzito. Akashika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini.

"Yezu Maria! Muntu wa Bwegera amechagua mashua sawa mchele!" Kisha akapangusa machozi. "Huo mchele wenu, uko nao?"

Nilikuwa na lile gunia la shemeji. Nikaenda kumwomba Feliziana, nikiwa na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu siku ya kuposa. Akanisonya, akanisaidia kulipandisha kwenye moto. Mama Sifa aliingiza mkono mpaka chini ya gunia, akautoa, akanusa. Mchele ulikuwa mkavu. Akachukua kayaki, akachukua gunia, akanipa ubao wa kijivu na kasia, akaongeza na jile, fulana ya kuelea majini.

Lakini safari hii niliubeba mpaka kwa Mama Deo nikauweka mbele yake haujafunguliwa. "Huu ndio uliobaki," nilimwambia. "Uangalie. Ukisema hapana, naurudisha." Aliuangalia muda mrefu. Aliugonga kwa kifundo tulipoujaza, ukalia kama meza. Alikaa juu yake pale pale sakafuni, akayumba kulia, akayumba kushoto, haukukunjika. "Hauna ukuta," akasema. "Minye naweza kuukalia sawa mkeka." Tukauacha ulale.

Jumamosi asubuhi tulirudi mahali pale pale. Tuliuweka ubao kwenye maji ya magoti, Mama Deo akaukalia kwa kurudi nyuma, kama mtu anayekaa kitandani, kisha tukamwinulia mguu. Haukuyumba. Jile nilivaa mimi, na Feliziana alinicheka sana, kwa sababu mgonjwa alikuwa anajua kuogelea na mzima hajui. Kamba ya ubao niliizungusha mkononi mwangu mara tatu. Nikatembea naye majini mpaka maji yakanifika kifuani, midomo inasali.

"Achilia kamba, Papa Deo."

"Siachilii."

"Nitaenda wapi? Bujumbura? Achilia."

Nikaachilia. Alipiga kasia kwa mkono wa kulia, ubao ukazunguka. Akapiga tena, ukazunguka. Akaweka kasia mikono miwili, ule mgonjwa ukashika, haukuvuta lakini ulishika, na ubao ukaenda mbele. Alienda mbali kidogo na mimi, umbali wa mtu kuitwa. Akaacha kupiga. Akalala chali. Jua lilikuwa limepanda, maji yalimulika kila upande, na mimi sikuona tena ubao, nilimwona yeye tu amelala juu ya mwanga. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nililia, na sikujali nani ananiona.

Aliporudi aliusogeza ubao mpaka ukanigusa kifua. Uso wake ulikuwa wa yule msichana niliyemtoa Uvira.

"Hakuna kitu inaniuma," akasema. "Hata kidogo." Kisha akasema, "Nabakia huku, Papa Deo."

"Nimekununulia huu ubao ili urudi nyumbani."

"Najua. Njo maana nakuambia sasa, ungali mu maji. Inchi kavu ungepiga kelele."

Nilifungua mdomo nipige kelele kweli. Nikateleza kwenye tope, maji yakaingia. Akanicheka, akanishika kichwa kwa mkono wa kushoto, ule mgonjwa, akakituliza pale juu ya ubao. Mwaka mzima mkono ule haukuwahi kunishika.

Jumapili baada ya misa nilipanda gari la kurudi. Nilikaa kiti cha mbele, si kwa kupenda, ndicho kilichobaki. Kavimvira, kisha ziwa likakatika, kisha Kiliba. Sange watu walikuwa wanauza ndizi zile zile. Nilikuwa nimejifunza mambo ya vyombo vya upepo, na nitayasema kwa anayetaka: kipana ni bora kuliko kizuri, kizito ni bora kuliko chepesi, kisicho na ukuta ni bora kwa mgonjwa, na kilale siku moja kabla hujalipa. Na atakayekitumia ndiye akichague.

Nilifika Bwegera jua likiwa bado liko juu. Mlangoni majirani walinipokea kwa swali moja, yuko wapi Mama Deo, anarudi lini. Nilitaka kusema mwezi ujao. Nikakumbuka alivyolala juu ya yale maji, kama mtu aliyefika kwao, na nikasikia aibu ya kusema uongo juu ya kitu nilichokiona kwa macho yangu. Nikawaambia amekwisha kurudi. Wakaangalia nyuma yangu, wakimtafuta.