Gauni Lenye Vifua Viwili

Ijumaa, tarehe 14 Machi, kuanzia saa mbili na dakika kumi asubuhi hadi saa nne kasoro robo, fundi cherehani aliyejulikana mtaani kwa jina la Pindo alikata gauni lake mwenyewe, akakusanya vipande, akavitandaza mezani, ndipo akagundua kwamba gauni halina mgongo.

Lilikuwa na vifua viwili, vyote vya hariri ya zambarau, vyote vimekatwa bila dosari.

"Mama Pasi!"

Mama Pasi, aliyekuwa akinyoosha nguo katika karakana hiyo tangu Pindo hajazaliwa, alisimamisha pasi yake wima, akaja, akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule.

"Mwanangu, mgongo umeuacha wapi?"

"Sijui."

"Na kesho mdogo wako anaolewa! Sasa watu watajuaje kama unaingia ukumbini au unatoka?"

Pindo, ambaye kwa kawaida hucheka kwa kutabasamu tu, alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Kosa hilo lisingeweza kumpata fundi mwingine. Pindo aliwapima wateja wote mbele na nyuma, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kumruhusu mtu asimame nyuma yake. Cherehani yake ilitazama mlango, na kiti chake kiliegemea ukuta. Alikulia katika nyumba ambamo alijifunza kusoma hatua za baba yake kabla hajajifunza kusoma herufi: kishindo cha kisigino kilimwambia kama ni usiku wa kulala au wa kuingia chini ya kitanda. Halikuwa jambo la siku moja. Ndiyo iliyokuwa hewa ya utoto wake.

Kila Jumanne alasiri alikwenda kwa mshauri nasaha, na kila aliporudi Mama Pasi alimuuliza swali lile lile: "Leo mmefumua au mmeshona?"

"Tumefumua," Pindo hujibu mara nyingi, kisha husimulia polepole huku mvuke wa pasi ukipanda kati yao. Jumanne iliyopita alisimulia kwamba, kwa maneno ya mshauri, woga wake haukuwa upumbavu, bali akili ya mtoto aliyetaka kuishi.

"Basi iambie hiyo akili imestaafu," Mama Pasi alisema. "Ipewe kiinua mgongo, iende zake."

Pindo aliyatafakari maneno hayo siku tatu. Hakutaka kuifukuza, kwa kuwa ilimtumikia vizuri. Alitaka tu ipumzike kidogo.

Sasa kitambaa kilichobaki kilitosha mgongo mmoja, bila nafasi ya kubahatisha. Na upana wa mgongo ni kipimo ambacho hata fundi bingwa hawezi kujipimia. Angeweza kuvaa gauni la zamani. Lakini hariri ile aliichagua mdogo wake ili wavae sare, na mdogo wake ndiye aliyelala naye chini ya kitanda kile.

"Nipime," alisema. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi.

Mama Pasi aliacha utani kwa muda. "Nitaimba, ujue nilipo. Ukisema subiri, nasubiri. Hata bwana harusi azeeke."

Aliimba vibaya mno, mbuzi angeona haya. Futi ilipomgusa begani, ubaridi wa zamani ulimpanda Pindo mpaka kisogoni.

"Subiri!"

Wimbo ukakatika. Pindo aligeuka, akamkuta Mama Pasi ameganda, mikono hewani, futi ikining'inia, mdomo wazi katikati ya neno.

"Endelea."

Wimbo ukaendelea pale pale ulipokatikia.

"Subiri."

Akaganda tena. Utotoni Pindo alilisema neno hilo mara nyingi, wala halikuwahi kumsimamisha mtu. Leo lilimsimamisha mwanamke wa kilo tisini, tena katikati ya kibwagizo. Furaha ikampanda kichwani kama soda iliyotikiswa.

"Endelea. Subiri! Endelea. Subiri!"

"We mtoto! Huo si woga tena, huo ni uchokozi!"

"Ni uchokozi," Pindo alikiri huku machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Haya, sentimita thelathini na nane. Kumbe mgongo unao, na mzuri! Ulikuwa unamfichia nani?"

Kesho yake ukumbini, bibi harusi alimrukia dada yake kwa nyuma akamkumbatia, kisha akashtuka. "Jamani! Samahani, dada, nimesahau!"

"Subiri," alisema Pindo, akiishika mikono ile kiunoni pake. "Usiniachie kwanza."

Mwaka mmoja baadaye, cherehani ya Pindo imegeuzwa: inatazama dirisha, na mlango uko nyuma yake. Kile kifua cha pili ndicho pazia la dirisha hilo.