Jiwe Mwana la Bibi Mageni

Pale Geita, kwenye mwalo wa kusagia mawe ya dhahabu, ukiuliza lilipo karasha la Thobias Ngassa, ile mashine yake ya kusaga mawe, hata mbuzi watakuonyesha. Mwenyewe atakwambia hakuna jiwe lililowahi kumshinda. "Nileteeni mlima," husema, amekalia kiti cha plastiki, tumbo limetangulia, "jioni mje na viroba mchukue unga wenu." Shule aliishia darasa la sita, na mpaka leo anashikilia kwamba shule ndiyo iliyomwacha yeye. Ana nyumba mbili, Noah moja na meno mawili ya kubandika. Mwanamume kamili. Kitu kimoja tu alikuwa hajawahi kukisaga: mtama.

Na mtama ndio uliomlea. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa, wakabaki yeye na dada yake Paskazia mikononi mwa Bibi Mageni, upande ule wa nyuma ya Mwadui, ambako watu wanazaliwa, wanazeeka na kuzikwa jirani na almasi bila kuigusa hata moja. Bibi alikuwa na mikono ya kila kazi. Ungo alisuka mwenyewe, chungu alifinyanga mwenyewe, na kibuyu cha maziwa kikipasuka alikishona mpaka mshono ukapendeza kuliko kibuyu. Lakini fahari yake ilikuwa jiwe la kusagia. Yaani mawe mawili: jiwe mama, pana, limelala chini na kubonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, na jiwe mwana, la kushika kwa mikono miwili, jeusi, linang'aa kama limepakwa samli. Yalikuwa ya mama yake Bibi, na kabla yake ya mama wa huyo mama. Yalikuwa yamesuguana miaka hiyo yote mpaka yakazoeana. Hata unywele usingepenya katikati.

Na unga wake! Ninyi mnaokula sembe ya mfuko tulieni, haya hayawahusu. Bibi alisaga mtama pamoja na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa juani vikakauka kau. Ugali ukatoka mwekundu, unavutika kidogo, una utamu wa mbali unaokuja ukishameza. Ukiweka mlenda, ukiweka na maziwa ya mgando, basi. Thobias alikuwa anakula mpaka Bibi anampiga kofi la mgongo: "Mume wangu, acha nafasi ya kupumulia." Ndivyo alivyomwita tangu anatambaa, mume wangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu. Jina la ubatizo alilitumia padri peke yake.

Alipofika miaka kumi na tisa, habari za dhahabu zikawavuruga vijana wote wa kijiji. Waliotangulia Geita wakatuma maneno: ukija njoo na jiwe gumu la kusagia sampuli, la sivyo utaazima kwa watu na watu watakupunja. Thobias hakufikiria mara mbili. Bibi akiwa kisimani, aliliviringisha jiwe mwana ndani ya shuka, akalitwika begani.

"Unalipeleka wapi?" Paskazia akamuuliza.

"Nalirudisha mwezi ujao."

Mwezi huo ulichukua miaka thelathini na miwili kufika.

Jiwe lilikuwa na bahati, hilo lazima lisemwe. Wachimbaji wenzake walilibatiza jina, wakaliita Bibi. "Lete Bibi tusage!" Wakalisagia mawe, wakalimwagia zebaki ya kukamatisha dhahabu, wakasugua tena, mwaka hadi mwaka. Thobias akapata pesa. Aliporudi nyumbani mara ya kwanza alibeba redio, vitenge viwili na mfuko mzima wa sembe. Bibi hakuvitazama.

"Jiwe langu liko wapi?"

"Shimo liliporomoka, Bibi. Limefukiwa huko chini." Akatoa na machozi kidogo, maana Thobias akidanganya hadanganyi nusu nusu. "Lakini jiwe ni jiwe tu. Nitakuletea mia."

Alimletea manne. Bibi aliyajaribu yote moja moja juu ya jiwe mama, na kila mara unga ulitoka na mchanga. Akaacha. Akalifunika jiwe mama kwa ungo, akaanza kula sembe. Lakini kila Thobias alipokuja, salamu zikiisha, swali lilikuwa lile lile, na shimo liliporomoka upya.

Mwaka huu, mtama ukiwa umeshavunwa, Paskazia akapiga simu.

"Kaka, Bibi anakataa ugali."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anasema unanuka dizeli ya mashine. Siku ya nne hii anakunywa maziwa tu. Ananiambia, mwambie mume wangu akalifukue lile shimo."

Thobias aligeuka akatazama mlango wa stoo. Jiwe mwana lilikuwa pale, hatua tano kutoka kwenye kiti chake, linazuia mlango usibamizwe na upepo. Tangu siku karasha liliposimikwa, hiyo ndiyo kazi liliyopewa.

Alilisugua kwa jivu, kwa sabuni ya unga, kwa msasa. Akalichemsha kwenye pipa kutwa nzima. Mwaka juzi alikuwa amehudhuria semina ya zebaki. Wataalamu wakasema inajificha ndani ya vinyweleo vya chombo, na chombo kilichoshika zebaki kisirudi jikoni kamwe. Thobias alikula wali na kuku wa semina, na maneno hayo aliyasikia vizuri sana. Lakini alijiambia: Bibi ana miaka tisini na tatu, macho yamekwisha, nguvu za kusaga atazitoa wapi? Atalipapasa, atafurahi, ataliweka pembeni ya kitanda, atakula. Na mimi nitaacha kuulizwa.

Alifika mchana, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mume wangu. Unahema kama ng'ombe mwenye mimba. Jiwe langu liko wapi?"

Akamwekea mapajani. Vidole vya Bibi vikatembea juu ya jiwe taratibu, vikafika mahali penye kibonyeo cha dole gumba, vikatulia hapo. Halafu akacheka, kicheko chembamba cha msichana.

"Paskazia! Mtama! Na michembe!"

"Bibi, pumzika kwanza."

"Nimepumzika miaka thelathini na miwili. Sogea, unanizibia."

Alipiga magoti mwenyewe. Paskazia akaondoa ungo, akatandika ngozi ya ndama chini ya mdomo wa jiwe mama. Bibi akasaga. Polepole, akipumzika, akianza tena, akinong'ona wimbo usio na maneno. Unga ukaanza kushuka, mwekundu, laini, bila punje ya mchanga. Harufu ikampiga Thobias, akajikuta amesogea karibu kama mtoto anayengoja tonge.

Ilimpasa aseme ukweli wakati ule ule. Alikuja kujilaumu sana kwa hilo. Alingoja mpaka maji yakachemka, ugali ukasongwa, mlenda ukaja, wakakaa. Bibi akakata tonge, akalifinyanga, akalinyoosha gizani mwake.

"Mume kwanza."

Tonge likawa mkononi mwa Thobias, la moto. Angelimeza, wallahi, yeye zebaki ameshaivuta kwa pua maisha yake yote. Lakini mkono wa Bibi ulikuwa tayari umerudi kwenye sahani. Akaudaka.

"Bibi, usile. Jiwe lina sumu."

Paskazia akaliacha bakuli la mlenda hewani. "Sumu ya shimoni?"

"Halijawahi kuingia shimoni."

Akasema yote, mpaka mlango wa stoo. Bibi hakuuliza habari za sumu.

"Kwa hiyo halikupotea."

"Hapana, Bibi."

"Kila nilipokuuliza, ulikuwa nalo."

"Nilikuwa nalo."

"Ukisagia nini?"

"Mawe."

"Mawe," Bibi akarudia, kama mtu anayeonja chumvi.

Paskazia ndiye aliyetazama nje. "Na jiwe mama, kaka? Lenyewe lilikuwa salama mpaka leo."

Thobias hakuwa amelifikiria hilo. Alitoka akasimama mbele ya jiwe mama, bonde lake limejaa vumbi jekundu la unga, na yule ambaye hakuna jiwe lililowahi kumshinda akaenda kutafuta jembe.

Alichimba shimo refu nyuma ya zizi, mbali na kuku. Akafukia ugali, unga, ngozi, na ungo uliopokea unga huo, wa mwisho Bibi kuusuka kabla macho hayajakwisha. Aliporudi, Bibi alikuwa amekaa mlangoni.

"Mchukue na mama yake," akasema. "Usiwatenganishe tena."

Aliyapakia mawe yote mawili kwenye Noah, nyuma ikainama. Paskazia alikuwa amesonga sembe ya dukani. Bibi alikula matonge matatu bila kusema yananuka nini. Kisha akampa Thobias mkono wa kwaheri.

"Safari njema, Thobias," akamwambia.