Kitabu cha Bure Kibirichia

Duka la vitabu mjini Meru lilipokataa riwaya yangu, niliirudisha nyumbani na maboksi yake yote. Nilikuwa nimeichapisha mwenyewe. Mume wangu akaanza kuweka trei ya chai juu ya maboksi hayo, na kila nilipomwona akimimina nilishindwa kukaa. Mwishowe nikaamua kuigawa bure.

Nilianzia kanisani Kaaga, kisha soko la Nkubu. Watu walipokea kwa mikono miwili.

"Ni ya dini?" mama mmoja wa ndizi aliniuliza.

"Hapana. Ni hadithi ya mwanamke aliyeondoka kwao asirudi tena."

"Na ni ya bure?" Akaigeuzageuza kama anayetafuta palipooza.

Tangu hapo sikutulia. Nikipita mlangoni kwa mtu, macho yalitangulia ndani kutafuta lile jalada la kijani. Kwenye mikutano ya wazazi nilisubiri mtu aseme neno. Hakuna aliyesema.

Msimu wa kuvuna viazi nilikwenda Kibirichia kumjulia hali mwalimu mwenzangu aliyekuwa mgonjwa. Nilipokaribia jikoni kwao nikasikia mkewe akimsomea mama mkwe wake, ajuza asiyeona vizuri. Alisoma Kiswahili kimoyomoyo, akamsimulia kwa Kimeru. Kupitia mlango nililiona lile jalada la kijani; kilikuwa kitabu changu. Nikasimama nje, nikisikiliza. Halafu nikamsikia yule mwanamke wa hadithi yangu akifungua lango la kwao, mamake akimkimbilia.

Niliingia bila kubisha. "Dada, mimi sikuandika hivyo!"

Alifunga kitabu, uso umemshuka. "Najua, mwalimu," akaninong'oneza. "Lakini binti wa huyu mama aliondoka, na mpaka leo hatujui aliko. Ningemsomea vile ulivyoandika?"

Nikamgeukia ajuza.

"Mgeni ni nani?" ajuza akauliza.

"Ni yule mwalimu aliyetunga hadithi."

Akanyoosha mkono mpaka akaupata wangu. "Alipofika nyumbani, walimpa nini ale?"

Nilimtazama yule mke wa mwenzangu. Aliinamisha kichwa.

"Nyanya, walimpa viazi na maharagwe," nikasema. "Na uji."

"Alishiba?"

"Alishiba."

"Na mtoto wake alikuja naye?"

Katika kitabu hakukuwa na mtoto. Nikavuta kigoda karibu na moto, nikaanza kumtafutia jina.